Nne Nukta Mbili

Programu ya mizani hapa Pongwe
ikiamka asubuhi hujitaja jina:
nne nukta mbili.
Nami, karani wa malipo, miezi minne
nimeitikia kama mtu anayepokea salamu njiani,
bila kuuliza habari za nyumbani.

Mpaka Ijumaa, Ntakije aliposimama dirishani,
miiba ya mkonge ingali kwenye mikono ya shati:
Dada Mwanjaa, vifungu vyangu saba viko wapi?
Nimekata mia mbili na saba, karatasi yako yasema mia mbili.
Juzi vilipotea vitano. Wiki iliyopita vinne.
Sisemi umekula. Nauliza vimekwenda wapi.

Nikampigia Twaha, aliyeileta kwenye flashi.
Akacheka. Hilo tulishalirekebisha,
mabaki yalikuwa yakidondoka kwenye kugawanya.
Una toleo gani?
Nne nukta mbili.
Basi unalo zima.

Lakini kwetu Ngamiani, Barabara ya Saba,
tuna akina Mwanakombo watatu.
Simama mwanzo wa mtaa uite,
watatoka wote, mmoja na unga mikononi.
Jina ni kizingiti tu. Anayedai deni
huuliza binti nani, nyumba ipi,
kazaliwa masika ya mwaka gani.

Najua, mapishi yake yako wazi,
asome atakaye, aongeze chumvi atakaye,
na huo ndio wema wa programu huria, siukatai.
Ila mapishi si sahani.
Sahani hii iliyo mbele yangu
imepakuliwa chungu kipi,
kabla ya chumvi au baada?

Twaha kimya. Kisha: Aa.
Ilijengwa mara mbili, Machi na Juni.
Jina hatukubadilisha.

Akanisomea alama ya ile ya Juni,
herufi na tarakimu sitini na nne.
Nikaandika nyuma ya risiti ya dizeli,
akarudia, nikarudia,
b ya baba, d ya dada, e ya embe.

Wakataji hawaingii ofisini. Ntakije aliingia.
Nikampa risiti, nikafungua lile dirisha jeusi,
nikaandika amri, kompyuta ikawaza kidogo, ikajibu.

Tisa, akasoma yeye.
D ya dada, nikasoma mimi.

Palitosha. Faili likitofautiana hata kwa chembe
alama yote hugeuka sura,
hakuna haja ya kufika ya pili.
Yeye hakuacha. Alisoma zote sitini na nne,
kidole kikipapasa mstari
kama anavyopapasa majani, thelathini kifungu,
na mimi nikamjibu zote, nikiona haya
kwa kila iliyokataa.

Saa tisa umeme ukarudi, ya Juni ikashuka.
Safari hii tulianza tena:
tisa, tisa. Nne, nne. E ya embe, embe.
Tulipofika arobaini hakuna aliyekuwa akipumua.
Sitini na nne. Sawa.

Ntakije akaigeuza risiti, akatazama upande wa dizeli.
Na karatasi hii, akauliza, kaipima nani?
Kama Twaha kakosea, sisi tumelingana na kosa lake.

Sikuwa na jibu. Nikapiga Korogwe,
kwa Shekue wa shamba jirani, asiyemjua Twaha,
aliyeipata ya kwake kwa njia yake.
Akasoma ya kwake kutoka mwisho kurudi mwanzo,
ndivyo alivyo Shekue.
Ikalingana.

Nikaingiza kata ya leo: mia mbili na saba.
Kioo kikasema mia mbili na saba.
Nilitaka kufurahi.

Ntakije hakuondoka. Alikuwa anaangalia kabati,
yale madaftari ya mizani, Julai mpaka Oktoba,
ya kwake na ya wenzake themanini.

Nikavuta la Julai.
Nikampa kalamu.